Tui Hutiwa Mwisho

Mgeni anapopanga chumba Mji wa Kale, Mombasa, jambo la kwanza analokagua jikoni ni friji. Hufungua mlango, hutia mkono ndani apime baridi, na akisikia mota inalia moyo wake hutulia. Mpishi wa hapa haanzi hapo. Mwambie unataka samaki wa kupaka, naye atakuuliza mambo mawili: mtakula saa ngapi, na mko wangapi. Maswali hayo husikika kama ya ukarimu, na ni ya ukarimu kweli, ila jibu lako ndilo linalompa hesabu yote. Kwa saa uliyotaja atajua aende sokoni lini, samaki akae na ndimu muda gani, nazi ikunwe wakati gani. Kwa idadi uliyotaja atajua apike kiasi gani ili kisilale kitu.

Hesabu hiyo nimeitazama kwa muda mrefu, huku Mombasa na kwenye nchi za baridi ambako usalama wa chakula huandikwa juu ya pakiti, na kila nikiitazama huzidi kuistahi. Wageni wanaokuja kuishi pwani huidhania kuwa bahati: watu wanakula vya barabarani na wanaamka wazima. Wapwani wanaokwenda kuishi ng'ambo nao huziona sheria za huko kuwa woga wa watu waliosahau kunusa. Pande zote mbili zinapitwa na kitu. Jikoni mwa Mji wa Kale mna ufundi wenye kanuni kali, na kanuni zake nyingi zinahusu mpangilio: kipi kitangulie, kipi kinaweza kungoja, kipi hakingoji hata kidogo.

Tuanze na mbaazi za asubuhi, maana hapo ufundi huu uko wazi kabisa. Mbaazi kavu huroweshwa mchana na kuchemshwa jioni kwa maji na chumvi hadi zilainike, kisha kazi husimamishwa. Hazitiwi nazi, hazitiwi kitunguu. Alfajiri sufuria hurudishwa motoni itokote upya, na ni wakati huo tu nazi huvunjwa. Kila nazi hunuswa peke yake kabla ya kuchanganywa na nyingine, kwa sababu moja mbovu huharibu kazi ya usiku mzima. Hukunwa kwenye mbuzi, hukamuliwa. Tui jepesi, lile la mkamuo wa pili na wa tatu, hutangulia pamoja na vitunguu, bizari ya manjano na pilipili mbichi. Tui zito hutiwa mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na mkono haukomi kukoroga hadi lichemke, kwani likiachwa hukatika, mafuta yakaenda huku na maji kule.

Ukimuuliza mpishi kwa nini tui zito hungoja hadi mwisho, atakwambia ni kwa ajili ya ladha. Ni kweli. Lakini ndani ya jibu hilo mna jingine asilohitaji kulisema. Tui bichi lina mafuta, sukari na protini, lina maji mengi, na asidi yake ni ndogo. Bakteria hawatamani zaidi ya hapo. Katika joto la Mombasa, ambalo mchana hucheza karibu na nyuzi 30, tui lililokamuliwa asubuhi huanza kuchacha kabla ya adhuhuri. Mbaazi tupu zilizochemshwa zinaweza kuvuka usiku na kuchemshwa tena. Mbaazi zenye nazi haziwezi. Basi mpishi huviweka mbali vitu hivi viwili, kila kimoja na muda wake, na kuvikutanisha pale tu mahamri ya kwanza yanapofura mafutani na wateja wameshajipanga mlangoni. Kufikia saa tatu au saa nne sufuria imekwisha. Anayefika saa tano akaambiwa zimekwisha asikasirike. Kwisha mapema ni sehemu ya kazi yenyewe, na ndiyo sehemu ambayo mwanafunzi huchelewa kuijua, maana inamtaka akadirie idadi ya watu wa mtaa wake, aijue siku ya mshahara, siku ya mvua na siku ya shule kufungwa.

Kwa samaki hesabu huanzia mbali zaidi, kwenye mashua. Sokoni karibu na Bandari ya Kale, mnunuzi mzoefu hakimbilii bei. Huinua shavu la samaki aone wekundu wake, hubonyeza ubavu kwa kidole aone kama nyama inarudi, hukaribisha pua tumboni. Kisha jicho.

"Mtizame mato, mwanangu," utamsikia mama akimfundisha msichana aliyembebea kapu. "Wa leo mato yake yamejaa."

Mgeni aliyezoea samaki wa vipande, aliyefungwa plastiki na kubandikwa tarehe, hulidhania somo hilo kuwa mazoea ya wazee. Basi na ajue kwamba Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 1996 ya kupanga samaki wabichi kwa madaraja, ulichagua vipimo hivyo hivyo: jicho, shavu, ngozi, harufu, ugumu wa nyama. Mkaguzi wa bandari ya Ulaya na mama wa mtaa wa Kibokoni wanatazama jicho lile lile.

Nyumbani samaki hangojeshwi. Hupaliwa magamba, hutolewa matumbo, huoshwa, huchanjwa mikato ubavuni. Chumvi huingia katika mikato hiyo, kisha ndimu, kitunguu thomu, tangawizi na pilipili. Akishakolea hukaangwa au huchomwa juu ya makaa, na hapo amekauka kwa nje, amekolea chumvi na uchachu kwa ndani, na moto umempita wote. Samaki huyo anaweza kuingojea jioni. Tui lake la kupaka, lililochemshwa na ukwaju au ndimu likawa zito, hutengenezwa watu wanapokaribia kuketi. Miaka ya 1970 mwanasayansi wa nyama wa Ujerumani, Lothar Leistner, alizitungia hatua za namna hii nadharia, akaziita viunzi. Chumvi peke yake vijidudu vinaweza kuiruka. Uchachu peke yake, vivyo hivyo. Moto nao huacha vichache vilivyojificha. Lakini ukivipanga viunzi vinne au vitano njiani, kila kimoja kikiwa cha kadiri tu, hakuna kijidudu kinachofika mwisho na nguvu. Nchi iliyozoea kushangilia mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji haihitaji maelezo zaidi. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba hakuna kiunzi kinachohitaji kupita kiasi. Chumvi haihitaji kuwa ya kuunguza ulimi, wala samaki hahitaji kukaangwa hadi awe ukuni. Mpishi anayejua viunzi vyake vyote anaweza kuiachia ladha nafasi.

Kuna samaki ambao ufundi huu unawashughulikia kwa tahadhari ya pekee. Jodari, nguru na vibua, wakikaa juani kabla ya kutolewa matumbo, nyama yao huzalisha histamini. Anayeila huwashwa mdomo, uso huiva kwa wekundu, moyo humwenda mbio. Histamini haitolewi kwa kukaanga, wala kwa kuchemsha, wala kwa kugandisha, ikishaingia imeingia. Ndiyo maana mnunuzi hodari humpita jodari aliyelala juani hata akishushiwa bei hadi nusu. Jicho huamua kabla ya moto kupata nafasi ya kujaribu. Mgeni aliyefundishwa kwamba kupika sana ndiyo kinga ya kila kitu angefaa kusimama hapo sokoni asubuhi moja ajionee.

Sasa tuje kwa papa mkavu, ambaye ndiye anayewakimbiza wageni wengi zaidi. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi kutoka pwani ya Arabuni na ya Somalia yakiwa na papa waliokaushwa kwa chumvi, nao wavuvi wa hapa wakakausha wao. Siku hizi papa wamepungua baharini na bei yake imepanda, lakini sokoni Marikiti utamnusa kabla hujamwona. Harufu yake ni kali ya kuchoma pua, ya amonia, na mtu aliyelelewa kwingine atasema bila kusita kwamba ameoza. Papa hana hatia hiyo. Damu na nyama yake zina urea nyingi, ndiyo inayomwezesha kuishi katika maji ya chumvi, na baada ya kufa urea hiyo hugeuka amonia. Fundi wa papa anajua tofauti kati ya ukali huu na uvundo. Ukali hupanda puani mara moja na kupotea. Uvundo ni mzito, una utamutamu mbaya, hubaki. Anajua pia kupapasa: papa aliyekauka sawasawa ni mgumu hadi kwenye kiini, chumvi inameta juu yake, na hakuna unga wa wadudu unaodondoka ukimgonga.

Kisha humfungua upya. Humrowesha, humwaga maji, humrowesha tena, wengine humchemsha kidogo na kumwaga maji hayo pia, hadi chumvi na ukali vimeshuka kiasi anachokitaka. Humchambua nyuzinyuzi, humkaanga na vitunguu na tungule, na ndipo huleta kitu kichachu: embe bichi, ukwaju au ndimu. Asidi hiyo hukamatana na amonia iliyobaki na kuizuia isiruke puani. Mwisho, kama kawaida, tui zito. Kinacholetwa mezani na wali ni mchuzi mtamu ambao mgeni yule yule aliyeziba pua sokoni huuomba tena bila kujua anakula nini. Naamini hakuna chakula pwani kinachoonyesha akili ya jikoni kuliko hiki: kila hatua inajibu swali lililoachwa na hatua iliyotangulia, tangu siku ya chumvi hadi dakika ya tui.

Uchachu unastahili kusimuliwa zaidi. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 alilala Mombasa usiku mmoja tu, akaandika kuhusu ndizi na samaki wake na jinsi watu walivyoosha miguu kwenye milango ya misikiti. Lakini Mogadishu, ambako alikaribishwa kwa siku kadhaa, alieleza vitu vilivyoletwa pamoja na wali: ndimu zilizotiwa achari, vichala vya pilipili katika siki na chumvi, tangawizi mbichi, maembe. Pilipili hizo hazikuwa hizi zetu nyekundu, kwani hizi zilikuja kutoka Amerika zaidi ya miaka 150 baadaye. Mengine yote angeyatambua leo kwenye dari za Mji wa Kale, ambako ndimu zilizopasuliwa na kujazwa chumvi hulala juani hadi zigeuke rangi. Mgeni yule hakuuliza kama ni salama. Alikula na kuandika.

Wataalamu wa leo wana namba ya kueleza alichokula. Chakula ambacho kipimo chake cha asidi, yaani pH, kimeshuka chini ya 4.6 hakikiachii nafasi kijidudu cha botulizimu, ambacho ni miongoni mwa vinavyoogopwa kuliko vyote. Ukwaju hushuka chini zaidi ya hapo. Ndiyo maana kwenye meza ya viazi karai bakuli la ukwaju lenye pilipili linaweza kukaa jioni nzima, lakini chatini ya nazi hutolewa kidogo kidogo kutoka ndani, kibakuli baada ya kibakuli, na kikibaki hakichanganywi na kipya. Mteja mgeni huona vibakuli viwili vya kuchovya. Mwenye meza anaona vitu viwili vyenye umri tofauti.

Na viazi vyenyewe. Vimechemshwa kwa chumvi, vikamenywa, vikapoa kidogo. Huchovywa katika rojo la unga lenye manjano na thomu, kisha huingia mafutani mbele ya macho yako. Havikaangwi mapema vikarundikwa. Mwenye meza hutazama laini ya wateja, na karai lake huenda kwa mwendo wa laini hiyo. Wakipungua, huvuta makaa pembeni na kungoja. Mgeni mwoga huogopa mafuta yanayochuruzika na vidole vinavyoshika karatasi, kisha huomba kachumbari kwa wingi kwa kuwa ni mboga. Angenisikiliza, ningempa kinyume. Kiazi kilichotoka mafutani sasa hivi kimepita moto mara mbili. Kachumbari haikupita moto hata mara moja, na usalama wake wote umo katika maji yaliyoiosha.

Maji ndiyo sehemu ambayo ufundi wa mpishi unafikia ukingo wake, na haki inanitaka niseme hivyo. Kisiwa hakina mto. Maji ya bomba husafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, na mengine kutoka Baricho, nayo hayatoshi. Mitaa mingi hununua maji ya mitungi ya lita 20 yanayosukumwa kwa mkokoteni, na visima vingi vya kisiwani viko karibu mno na vyoo vya mashimo. Mpishi mzuri huchemsha, huchuja, humjua mwenye mkokoteni wake kwa jina na humuuliza maji ameyateka wapi. Zaidi ya hapo hana uwezo. Hilo ni deni la mamlaka kwa wananchi. Kuna pia kinga ambayo mwenyeji anayo tumboni na mgeni hana, na ambayo si ufundi wa mtu yeyote. Mtoto wa mtaa wa Kuze aliyekaa Ulaya miaka kumi akirudi huumwa siku za mwanzo pamoja na watalii, ingawa meza ni ile ile aliyolelewa nayo.

Ukitaka kuuona ufundi huu ukifanya kazi kwa mtaa mzima kwa pamoja, ngoja Ramadhani. Kila nyumba inapika, na kila nyumba inalenga dakika moja. Jua la Mombasa hutua baada tu ya saa kumi na mbili jioni, tofauti za mwaka mzima hazifiki saa nzima, na vitu vyote hupangwa kurudi nyuma kutoka hapo. Unga wa mkate wa sinia umeachwa uumuke tangu mchana. Sambusa zimefungwa, nyama yake imekaushwa sufuriani hadi haina maji na kutiwa ndimu, kwa hiyo zinaweza kungoja. Viazi vya nazi na samaki huanza alasiri ikishaswaliwa. Tui saa kumi na moja. Kaimati na sambusa huingia mafutani mwishoni kabisa, ili adhana ikute bado zinanong'ona. Na mpishi amefunga. Wanazuoni wengi huruhusu kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema pakiwa na haja, lakini wapishi wengi hawataki hata hilo. Chumvi hupimwa kwa jicho na kwa kumbukumbu ya mkono. Uchachu na kuiva hupimwa kwa pua. Mtu anayeweza kupika vyakula saba kwa nyumba ya watu kumi na wawili bila kuonja hata kimoja, na visipungue chumvi, ana chombo cha kupimia ambacho hakikutengenezwa kiwandani.

Kisha sahani hupita. Chini ya kawa, kile kifuniko cha ukindu kinachozuia nzi na kuacha mvuke upumue, chakula hutoka nyumba hii kwenda ile, na sahani hairudi tupu. Ni desturi ya upendo, na pia ni njia ya kuhakikisha kwamba kilichopikwa kingi kinaliwa kikiwa moto badala ya kulala. Mwaka 2020, tarehe 6 Mei, katikati ya mwezi wa Ramadhani, serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale kwa sababu ya korona, na hoteli na masoko ya ndani yakafungwa. Mji ukala kwa yale ambayo nyumba zake zilijua kupika.

Mchukue sasa mpishi wa namna hii umpeleke Leicester, Toronto au Muscat. Kuku ndiye huzua mgogoro wa kwanza. Mombasa kuku huoshwa kwa ndimu na chumvi, na asiyemwosha husemwa. Uingereza, mwezi Juni 2014, mamlaka ya viwango vya chakula ilifanya kampeni nzima kuwasihi watu wasioshe kuku mbichi, kwa sababu matone yanayoruka kutoka bombani husambaza kijidudu cha kampilobakta jikoni kote. Nimewasikia watu wakibishana juu ya hili hadi chai ikapoa. Kila upande una haki kwa kuku wake. Wa Mombasa alichinjwa asubuhi ile, ana damu na manyoya ya kuondolewa. Wa dukani Uingereza ameshasafishwa na kufungwa, na kinachobaki juu yake hakiondolewi kwa maji. Ushauri wangu kwa mpwani aliye huko ni kuibakiza ndimu na kuliacha bomba: mtie kuku bakulini, mkamulie ndimu humo humo, kisha mpeleke motoni.

Nchi za ng'ambo zenyewe hazikubaliani. Marekani mayai ya kuuzwa madukani huoshwa na lazima yakae kwenye baridi. Katika Umoja wa Ulaya mayai ya daraja la kwanza hayaruhusiwi kuoshwa, ili utando wa ganda usiharibike. Samaki mbichi, ambaye mpwani humkataa kwa mwili wote, hukubaliwa na sheria za Ulaya kwa sharti kwamba kwa kawaida agandishwe kwanza kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24, ili minyoo ife. Kwa hiyo wanaomla na wanaomkataa wanamwogopa mnyoo mmoja; wengine wamempa baridi, wengine moto. Na katika zile tarehe za pakiti kuna aina mbili ambazo wageni wengi huzichanganya: moja ni ya usalama, ambayo ikipita usile, nyingine ni ya ubora tu, ambayo ikipita biskuti imelegea lakini haikuui. Bibi mmoja wa Mombasa aliyehamia kwa wanawe alijifunza tofauti hiyo kabla ya majirani zake waliozaliwa huko, kwa kuwa swali la muda halikuwa geni kwake.

Lakini kwenye wali ng'ambo wametushinda, na ni lazima tulikubali bila kinyongo. Kiporo cha wali na chai ni kifunguakinywa ambacho wengi wetu tumekulia. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, mbegu zisizokufa kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu usiku kucha mbegu huamka, huzaliana na kuacha sumu ya kutapisha ambayo kupasha moto asubuhi hakuiondoi. Jambo hili lilifahamika Uingereza mwaka 1971 kutokana na wali wa kukaanga wa hoteli za Kichina. Jiko la zamani la makaa, lililopaliwa juu ya mfuniko na kuachwa na majivu ya moto chini, liliweza kuuweka wali kwenye joto kali kwa saa nyingi, na hilo lilikuwa kinga. Jiko la gesi lililozimwa saa tatu usiku halina majivu. Ufundi ulibaki na jina la kiporo ukapoteza moto wake, na hapo ni bora kuusikiliza ushauri wa kule: wali upozwe ndani ya saa moja, uingie kwenye friji, uliwe ndani ya siku moja. Vivyo hivyo kwa sumukuvu ya mahindi, ambayo mwaka 2004 iliwaua watu 125 katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake. Unga wake unaweza kuwa mweupe na usinuke chochote. Pua, hata iliyofundwa miaka sitini, haina la kusema mbele ya sumu isiyo na harufu. Hapo maabara ndiyo pua.

Friji nayo imeingia nyumba za Mji wa Kale siku nyingi, na wapishi niwapendao wameipa kazi bila kuipa ukubwa wa nyumba. Ilipotokea giza la nchi nzima mnamo Agosti 2023, umeme ukakatika usiku na sehemu nyingine ukakawia kurudi hadi kesho yake, tofauti kati ya anayeitegemea friji na anayeitumia ilionekana. Wa kwanza huufunga mlango na kuomba dua. Wa pili ana mpangilio kichwani. Friza huifungua mara moja tu, akishajua anachotaka kutoa. Maziwa huchemshwa mara hiyo. Tui lililogandishwa, ambalo wengi huliweka siku hizi, likianza kuyeyuka hupikwa na kuliwa usiku ule ule, wala haligandishwi tena. Nyama hukatwa vipande vidogo, hutiwa chumvi na ndimu, hukaushwa sufuriani na mafuta yake yenyewe. Changu na tafi huchanjwa na kukaangwa wakauke. Kinachozidi mahitaji ya nyumba hupelekwa kwa jirani kabla hakijapoa. Jodari hutazamwa kwa tochi na kubonyezwa. Akiwa bado amekaza, huingia mafutani kabla ya wote. Akiwa amelegea, hutupwa, hata kama ndiye aliyegharimu pesa nyingi kuliko vyote vilivyokuwamo, na hakuna mtu nyumbani anayeruhusiwa kumtetea.